Kagua Mizigo Yako Hapa

Kibao chenyewe kilikuwa kizuri. Mbao ya mkangazi, herufi nyeupe, kazi ya fundi mmoja wa Mwanakwerekwe ambaye mkono wake hautetemeki. Meneja alikuwa ameniandikia Kiingereza chake kwenye kipande cha karatasi, "Check your bags here", akaniambia, "Wewe si ndiye msomi wetu wa lugha? Kitie na Kiswahili." Nikakitia. Chini ya Kiingereza fundi akachora, kwa maandishi makubwa zaidi maana ndivyo nilivyomwagiza: KAGUA MIZIGO YAKO HAPA.

Kilitundikwa Alhamisi. Jumamosi ikaja familia kutoka Dar es Salaam kwa boti ya mchana: baba, mama, bibi na watoto wanne, wamevuka kuja harusini. Vyumba vyao vilikuwa havijasafishwa, nikawaomba wasubiri kidogo, nikarudi kwenye simu. Nilipogeuka, bibi alikuwa amekaa sakafuni, miguu kainyoosha, begi liko wazi mbele yake, anatoa kitu kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti: kanga doti tatu, dera, kofia za wajukuu, chupa ya samli iliyofungwa kwenye mifuko mitatu. Baba mtu naye alikuwa anahangaika na zipu ya begi la pili.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Kuna kilichopotea?"

"Marahaba mwanangu. Sijui. Si mmeandika tukague? Nyie ndio mnaojua kilichopotea."

Meneja akashuka ngazi wakati huohuo.

Kumbe lile tangazo halikuwa na habari ya ukaguzi hata kidogo. Maana yake ni: acha mizigo yako hapa, tutakutunzia, chukua namba yako. Nilikuwa na miaka 23 na alama B ya Kiingereza ya kidato cha nne, ambayo nilikuwa naitaja hata pale nisipoulizwa. Skuli tulijifunza maneno kama watu wanaopanga viatu mlangoni, kila kimoja na mwenzake: book, kitabu, rain, mvua, check, kagua. Unapiga mstari, unahamia neno jengine. Fundi alikichora kibao upya, na mara hii alilipwa kwa pesa zangu.

Ningesema hilo lilikuwa la kwanza, lakini halikuwa. Neno "check" lilikwisha kuniumbua kabla, tena mbele za watu, ila mtu hujifunza pole pole.

Kabla ya kupelekwa mapokezi nilikuwa mhudumu wa mgahawa wa hoteli hiyohiyo, pale Mji Mkongwe. Wiki yangu ya kwanza kazini mzee mmoja wa Kimarekani na mkewe walimaliza pweza wao wa nazi, mzee akainua mkono, akaandika hewani kwa kidole na kusema, "Check, please." Nami nikacheki. Nikacheki sahani, nikacheki glasi, nikainama nikacheki chini ya meza nikidhani wameangusha kitu. Kisha nikasimama wima nikamwarifu, kwa Kiingereza changu cha skuli, kwamba nimekagua na kila kitu kiko salama. Mzee alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Aliyeniokoa alikuwa mpishi wetu, kijana wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni. "Kaka, anaomba bili," akaninong'oneza. "Wamarekani ndiyo hivyo wanasemaga."

Sisi tunasema bili kwa sababu Waingereza ndio waliotutawala, nao husema "bill". Lau wangetangulia Wamarekani, huenda leo tungekuwa tunaomba cheki hotelini. Neno cheki lenyewe tunalo, lakini tumelipeleka kwengine kabisa. "Cheki yule!" ni tazama. "Nicheki jioni" hakuna anayeomba kukaguliwa hapo: anataka umpigie simu au umpitie. "Tutachekiana" ni kwaheri. Na ole wako uchanganye irabu, maana "nichekie" ni niangalizie, ilhali "nichekee" ni unifurahie kwa tabasamu. Nilipokuwa mapokezi niliwahi kumtumia binti mmoja ujumbe wa simu wenye kosa hilo. Ilinichukua siku mbili kujieleza.

Kisha kulikuwa na wasichana wawili wenye mabegi ya mgongoni. Nawajazia fomu, nauliza wanatoka nchi gani. "Czech," anasema mmoja. Ndiyo, nasema, najua mnataka kuingia chumbani, lakini nchi gani? "Czech." Tulizunguka hivyo mara tatu, mpaka mwenzake akanitolea pasipoti. Wanatoka Ucheki. Jina hilo halina udugu na neno ninalolizungumza. Limetoka kwa Waslavi wenyewe, na ni masikio tu yanayodanganywa. Lakini kwa hali niliyokuwa nayo wakati ule, niliamini kabisa kwamba neno hili limetumwa kunifuata.

Hayo yote ni mambo ya kucheka. La hundi halikunichekesha.

Mtu mmoja wa kuleta wageni, ambaye simtaji wala kampuni yake siitaji, alilipia vyumba vinane kwa hundi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, benki zimeshafungwa, wageni wamejaa ukumbini na jasho lao, naye ana suti na maneno matamu. Kanuni ilikuwa wazi: hundi haipokewi mpaka mhasibu aione. Mimi nikaipokea, nikamwandikia risiti, nikagawa funguo. Siku kadhaa baadaye hundi ikarudi imedunda, wageni wameshapanda ndege. Nilikatwa mshahara miezi mitatu.

Aliyenikata ndiye aliyenifundisha. Mhasibu wetu alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mkunazini, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Aliniita ofisini, akafunga mlango, nikajua nafukuzwa. Badala yake akafungua droo, akatoa kitabu cha hundi cha hoteli na kukiweka mbele yangu.

"Hiki unakiitaje?"

"Cheki, mama."

"Sisi nyumbani tulikuwa tunasema hundi. Na Kiswahili chenu kimelichukua kwetu."

Ni kweli. Hundi ni neno la Kihindi na Kigujarati. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Zanzibar karne ya 19 waliendesha biashara yao kwa karatasi hizo: unatoa fedha hapa, unapewa waraka, jamaa yao aliyeko Bombay anausoma na kukulipa. Hakuna fedha iliyovuka bahari, imevuka ahadi. Alipomaliza kunieleza hayo akachana karatasi moja tupu, akanipa, kisha akaweka kidole kwenye kile kipande chembamba kilichobaki kitabuni.

"Sasa, Waingereza. Unadhani wao check wanaita hiyo uliyoishika? Mwanzo haikuwa hiyo. Ilikuwa hii iliyobaki kwangu."

Sikuelewa, akanieleza tena. Karne ya 18, mtoa hundi alibaki na kipande chenye namba na kiasi. Karatasi ikirudi inalinganishwa na kipande. Zikipishana, kuna mtu ameghushi. Kipande kile ndicho kilichokuwa kinazuia wizi, na kuzuia ndiko kulikokuwa maana ya jina lake. Baadaye jina likahama kutoka kipande kilichobaki hadi karatasi iliyoondoka. Waingereza wakaja kubadili tahajia wakaandika "cheque". Wamarekani wakabaki na ile ya zamani, ndiyo maana kwao neno moja hilohilo linaomba bili, linalipa bili na linakagua bili.

"Wewe ulipokea karatasi," akasema, "hukuwa na kipande cha kuilinganisha nacho. Hapo ulipokea nini?" Halafu akanipa barua ya makato nitie sahihi.

Nilipoisimulia habari hii barazani, ustadhi mmoja alinikatiza. Akasema Wazungu wamelichukua neno hilo kwa Waarabu: ni "sakk", hati ya deni, wingi wake "sukuk", neno ambalo siku hizi tunalisikia sana kwenye hatifungani za Kiislamu. Wako wengi wanaosema hivyo, na hati za sakk kweli zilikuwepo kwenye masoko ya Waislamu karne nyingi kabla ya benki za London. Nilitamani sana iwe hivyo. Lakini ukifuata nyayo zenyewe katika maandishi ya Kiingereza, zinapita kwenye kile kipande cha mama mhasibu, na ukizidi kurudi nyuma zinafika kwa mtu ambaye ustadhi angemfurahia pia, ingawa si Mwarabu. Huyo nilitambulishwa kwake na mjomba wangu.

Mjomba aliishi Muscat zaidi ya miaka 20, akarudi Kikwajuni na mabegi mawili, redio, na ubao wa sataranji wenye kete za mbao. Hakupata mtu wa kucheza naye. Baraza zetu ni za karata, bao na drafti, na drafti yenyewe tunacheza kwa vizibo vya soda: kete ikifika mwisho wa ubao inageuka kingi, na kingi akizubaa naye analiwa kama mwengine yeyote. Mjomba hilo lilimkera. "Mfalme haliwi," alikuwa akisema, kama mtu anayeona watu wanakula wamesimama. Kwa hiyo akanifundisha mimi, jioni baada ya kazi, taa ya barazani ikikusanya kumbikumbi juu ya vichwa vyetu.

Mara ya kwanza nilipomwona mfalme wake amebaki wazi, nilinyamaza kimya, nikanyoosha mkono taratibu nimle. Mjomba alinipiga kofi la kidole.

"Huna adabu."

"Mjomba, si umeacha wazi?"

"Nimeacha wazi. Lakini mfalme huambiwa. Unasema 'shaha', anasikia, anaondoka. Ukimla kimya kimya wewe ni mwizi."

Kule Muscat, akasema, vijana mikahawani husema "kish malik", kama mtu anayemfukuza kuku kwenye unga. Yeye alifundishwa utotoni, hapahapa Unguja, kusema "shaha", na hakuona sababu ya kubadili. Shaha ni mfalme kwa Kifarsi. "Na wewe neno hili unalo," akanikumbusha. "Bingwa wa kutunga mashairi anayewafundisha wenzake, mnamwitaje?" Shaha. Nimelisikia tangu mtoto, shaha wa malenga, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtunzi wa mashairi apewe taji la Uajemi.

Mchezo wenyewe ulianzia India, unaitwa chaturanga, viungo vinne, kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi karne ya 7 wakausema shatranj, na sisi tukamalizia na sataranji. Njia hizohizo za bahari ndizo zilizotuletea bandari na serikali, dirisha na bima, maneno ya Kifarsi tunayoyatumia kila siku bila kuyauliza kwao. Hata Makunduchi wanapooga mwaka, ile sikukuu ya Mwaka Kogwa, jina lake jengine ni Nairuzi, na hiyo ni Nowruz ya Waajemi. Sisi na shaha ni majirani wa siku nyingi.

Lakini shaha alisafiri upande wa pili pia. Waarabu walimchukua hadi Hispania na Sisilia, huko akaingia Kilatini, kutoka Kilatini Kifaransa, na Wafaransa wa zamani wakamtamka "eschec". Waingereza wakakata kichwa cha neno wakabaki na "check". Halafu wakachukua wingi wa lilelile wakaufanya jina la mchezo mzima, "chess". Yaani Mwingereza anapokualika mcheze chess, kwa asili anakwambia: njoo tucheze wafalme.

Nilimuuliza mjomba juu ya ule mwisho, "checkmate", nikijiamini, maana "mat" kwa sikio la Mswahili ni maiti na mauti moja kwa moja. Shaha amekufa. Wengi wanafasiri hivyo, na kwa Kiarabu ndivyo linavyosikika. Mjomba akatikisa kichwa. Kwa Kifarsi, akasema, "mat" ni aliyeduwaa, aliyeishiwa. "Hafi. Anakosa pa kwenda. Mchezo unakwisha kabla hajaguswa." Halafu akanionyesha kwa mfalme wangu mwenyewe, ambaye kweli alikuwa hana pa kwenda.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kushindwa. Nilikuwa nalifunua neno, na kila nilipovuta uzi ulikuja. Ukisema "shaha", mchezo wote unasimama. Mwenzako alikuwa na mipango yake, farasi kamtega pembeni, yote yanasubiri mpaka mfalme apone. Kwa hiyo "check" kwanza ni tishio, kisha ni zuio, kitu kinachokusimamisha. Ndiyo maana magazeti ya Kiingereza huandika serikali inataka "to check" jambo fulani na maana yake ni kulikomesha, si kulitazama. Kutoka kuzuia ukafika kudhibiti, na udhibiti unataka ulinganishe hiki na kile, na huko kulinganisha ndiko kukagua. Skuli walinipa mkia wakaniambia ndiye ng'ombe.

Kipande kilichobaki sasa ni cha meza, nacho kilikuja wakati wa masika.

Masika Mji Mkongwe hapana watu. Tulikuwa na mgeni mmoja tu wa kudumu, mwalimu mstaafu wa historia kutoka Uingereza, aliyekaa wiki tatu akisoma na kutazama mvua. Meza zetu za barazani zilikuwa na nguo za drafti, nyekundu na nyeupe. Asubuhi moja nikamletea chai, nikamuuliza kama anajua kwa nini nguo ya namna hii kwao inaitwa jina lilelile la kukagua. Akanitazama kwa muda, kisha akasogeza kikombe pembeni, akamwaga sarafu zake zote mezani.

Ni kwa sababu ya ubao wa sataranji, akasema, miraba yake. Ila kuna nguo moja ya mezani iliyotawala nchi. Wakati wa Mfalme Henry wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, hesabu za mapato ya ufalme zilifanywa juu ya meza kubwa, futi kumi kwa tano, iliyotandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwishoni mwa Septemba, masherifu waliokusanya fedha za mfalme majimboni walikuja kukaa upande mmoja wa meza hiyo. Upande wa pili wapo watu wa hazina. Juu ya kitambaa vinasogezwa vibati vya kuhesabia, safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya pauni, makumi mawili ya pauni, mamia, maelfu.

Akanifanyia kwa sarafu zake. Peni kumi na mbili, shilingi moja, sogeza. Shilingi ishirini, pauni moja, sogeza. Kwa nini hawakuandika tu? Kwa sababu walikuwa na namba za Kirumi, zisizo na sifuri, na hebu jaribu wewe kujumlisha MCCLXVIII na CDXCIV chini ya mti. Tena masherifu wengi hawakujua kusoma. Kwa kete mezani, anayedai na anayedaiwa wote wanaona kwa macho yao.

Meza ile wakubwa wa Uingereza, ambao wakati ule walisema Kifaransa, waliiita ubao wa sataranji, na jina likawa la idara nzima: Exchequer. Hadi leo Waziri wa Fedha wa Uingereza hubeba jina hilo katika cheo chake, na magavana wa kaunti za Kenya wakilalamika kwamba fedha zimechelewa, magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huandika kwamba zimekwama "exchequer". Mweka hazina mmoja wa karne ya 12, Richard FitzNeal, aliandika kitabu kizima kueleza kazi za meza hiyo, kwa mtindo wa mwanafunzi anauliza na mwalimu anajibu. Mwanafunzi anauliza jina limetoka wapi. Mwalimu anajibu kwamba kama ambavyo kwenye ubao wafalme wawili wanapigana, ndivyo na hapa wanavyopigana wawili, mweka hazina na sherifu anayetoa hesabu.

Niliposikia hapo nikamwona mama mhasibu na droo yake, na mimi ng'ambo ya meza na barua ya makato.

Mwalimu hakuishia hapo, kwa kuwa mvua nayo haikuishia. Sherifu akishalipa, akasema, hapewi risiti ya karatasi. Kinachukuliwa kijiti, kinakatwa alama kwa kiasi kilicholipwa, kisha kinapasuliwa kwa urefu: nusu anaondoka nayo sherifu, nusu inabaki hazina. Ukitaka kujua ukweli unaviunganisha, alama zikipishana kuna mwongo. Vijiti hivyo vilitumika karne na karne. Vilipoachwa, ikabaki marundo yake, na tarehe 16 Oktoba 1834 wakaamua kuvichoma kwenye matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Bunge. Moto ukazidi, Bunge la Uingereza likateketea. Jengo linalopigwa picha na watalii leo lilijengwa baada ya hapo.

Kijiti nusu kwako, nusu kwangu. Kipande cha hundi kinachobaki kitabuni. Hapo nikakikumbuka kibao changu. Kwenye reli za Marekani karne ya 19, abiria alikabidhi begi akapewa kibati cha shaba chenye namba, na kibati mwenzake kikafungwa kwenye begi. Kibati hicho, cha kulinganisha na mwenzake ili begi lisiende na mtu mwengine, nacho kiliitwa "check", na kukabidhi begi kukaitwa hivyo hivyo. Bibi wa Dar es Salaam alipaswa kupewa namba tu. Badala yake tukamtandaza sakafuni na chupa yake ya samli.

Nilitoka pale nikikimbia, nikaenda jikoni kumpa mpishi wetu wa Bukavu habari hizi zote kwa mpigo, maana ndiye aliyeniokoa siku ya kwanza. Nikafika kwenye "eschec" ya Wafaransa, nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya.

"Kwetu hiyo neno ni ya kulia, kaka."

Kwa Kifaransa cha leo, wingi wake ni mchezo, lakini umoja wake, échec, ni kushindwa. Huko kwao matokeo ya shule yakibandikwa, mtoto anatafuta jina lake kisha anatazama neno lililo mbele yake, na neno hilo likiwa ndilo, anarudi nyumbani kwa njia ndefu. Yeye alilikuta mbele ya jina lake mara mbili. Mara ya pili hakurudi shule. Akaenda kuosha sufuria kwenye hoteli moja ya mjini, na huko ndiko alikojifunza upishi.

Sikuwa na la kusema. Nikachukua kisu nikamsaidia muhogo.

Miaka imepita. Mjomba hayupo tena, ubao wake ninao mimi, farasi mmoja mweusi amepotea na tunamwekea kizibo cha soda. Hoteli ile niliiacha. Siku ya kuondoka mlinzi aliniita stoo, akanionyesha kitu nyuma ya magodoro ya zamani: kile kibao cha kwanza, mkangazi uleule, herufi hazijachuja. Akaniuliza kama nakitaka au akipeleke jikoni kiwe kuni. Nikakibeba nyumbani juu ya baskeli.

Mke wangu alikitazama, akakisoma, akaenda kutafuta msumari. Kipo mlangoni upande wa ndani, usawa wa macho ya watoto. Asubuhi kabla ya skuli kila mmoja anasimama chini yake na kufungua mkoba: daftari, kalamu, kitambulisho, chupa ya maji. Yule mdogo huhesabu kwa sauti, kama bibi.